Kwa nini kifaranga mdogo anadonolewa na mama katulia tu: jinsi ya kuelewa unachokiona kwenye kamera za viota vya tai

Siku hizi ukiwa unaskroli simu hukosi kukutana na klipu ya kiota cha tai, kifaranga mkubwa anamdonoa mwenzie kichwani bila kupumzika, mdogo kalala chini hata kunyanyua shingo hawezi, na mama yao kasimama pembeni kabisa anaangalia mbali. Watu wanaumia sana na hiyo picha na maswali yanakuwa yale yale, huyu mama ana roho gani, na hawa walioweka kamera kwa nini wasipande wamtoe yule mdogo, wanapata faida gani kuangalia kiumbe kinakufa. Ni maswali ya haki na mimi nayaheshimu, maana anayeuliza hivyo ana huruma. Ila jibu lake halimo kwenye ile klipu. Kilichotokea pale kilianza wiki kadhaa nyuma, siku mama alipotaga yai la kwanza na kuanza kulikalia au kuliacha kwanza, na ukishaelewa hicho kitu kimoja, kamera karibu zote utaanza kuzifuatilia vizuri.

Tuanze na kamera zenyewe kwa ufupi, maana kuna watu wanadhani ni sinema imetengenezwa. Hapana. Kamera inafungwa juu ya mti au kwenye jabali wakati ndege hawapo, kabla msimu haujaanza, halafu ndege wakirudi wanaikuta wanaizoea wanaichukulia kama tawi tu. Usiku inatumia mwanga wa infraredi ambao macho ya ndege hayauoni, kwa hiyo wewe unaona kiota kizima kwa rangi ya kijivu lakini tai mwenyewe yuko gizani kabisa, hasumbuliwi. Picha inatoka kwenye kamera inapita kwenye waya au mtandao wa simu mpaka YouTube, na mpaka ikufikie wewe Ujiji imeshachelewa sekunde kadhaa au nusu dakika hivi. Kamera iliyozifanya hizi kitu zijulikane dunia nzima ni ile ya Decorah, mji mdogo kwenye jimbo la Iowa, Marekani, ambapo mwaka 2011 tai wa kichwa cheupe walirushwa laivu wakiwa na vifaranga watatu na ikafunguliwa zaidi ya mara milioni 200. Baada ya hapo zikafuata nyingine kibao, za Chuo Kikuu cha Cornell, za Estonia na Latvia, za Johannesburg, za Melbourne, ya Big Bear kule California ambayo nitairudia maana ina somo kubwa.

Sasa njoo kwenye yai.

Ndege hatagi mayai yote siku moja, hilo kila aliyefuga kuku analijua. Kuku anataga leo, kesho, keshokutwa, anarundika, halafu siku akiatamia anaatamia yote kwa pamoja ndio maana vifaranga wanatoka karibu siku moja na wote wanalingana. Yai likiwa halijakaliwa linasubiri tu, halianzi kukua mpaka lipate joto la tumbo la mama. Kozi, ambaye naye ni ndege mwindaji, anafanya karibu hivyo hivyo. Kozi anayelea juu ya jengo la namba 367 Collins Street pale Melbourne anataga mayai 3 au 4, na hakai sawasawa mpaka yafike karibu na la mwisho, kwa hiyo baada ya siku kama 33 wanatotoka wote ndani ya siku moja mbili hivi, na ukiwaangalia wamejipanga pale weupe weupe wote saizi moja huwezi kujua nani kaka nani mdogo. Wanagombania chakula, sawa, wanasukumana, lakini kuuana si jambo utakalolikuta hapo kila mwaka.

Tai wengi wana utaratibu mwingine. Wanaanza kukalia yai la kwanza siku ile ile au mapema sana, halafu la pili linakuja siku 3 baadaye. Hesabu yake ni rahisi, kifaranga wa kwanza anatoka na anakula siku 3 kabla mdogo wake hajapasua hata ganda. Kwa binadamu siku 3 si kitu lakini kwa kifaranga wa tai anayeongezeka uzito kila kukicha ni nyingi mno, mdogo anapotoka na shingo haijakaza na macho bado hayajakaa sawa anakuta kiotani kuna mtu mwenye karibu mara mbili ya uzito wake, ana nguvu ya kusimamisha kichwa, anajua chakula kinatoka wapi. Ugomvi umeshaamuliwa kabla haujaanza.

Hapa ndipo watu wanachanganya mambo mawili ambayo kwenye video yanafanana.

Kuna tai ambao kupigana kwa vifaranga kunategemea chakula. Tai wa kichwa cheupe wa Marekani ni hao, na furukombe wetu ambaye ni ndugu yake wa karibu mambo yake hayako mbali na hayo. Wiki ya kwanza wanadonoana, mkubwa anamgonga mdogo kichwani, mdogo anainama anageuza mgongo anasubiri, mkubwa akishiba kile kimfuko cha chakula cha kooni kinavimba kama ameweka yai pale anasinzia, na mdogo ndio anapata zamu yake. Ukiangalia dakika mbili unasema huyu mdogo hali. Ukiangalia mlo mzima unaona anakula, ila anakula wa mwisho. Kama baba analeta samaki wa kutosha baada ya wiki mbili tatu ugomvi unaisha wenyewe na wanalala wamepandana. Kama chakula ni haba ndio mdogo anakonda anakufa, na hapo mkubwa amemsukuma tu, kilichomuua kwa kweli ni njaa.

Halafu kuna tai ambao chakula hakibadilishi chochote. Tai mweusi wa Afrika, yule mwenye alama nyeupe mgongoni anayeishi kwenye majabali na kula pimbi, anataga mayai mawili na karibu kila mara anabaki mmoja, hata kama kiotani kuna pimbi wamerundikana wanaoza. Mtafiti Valerie Gargett alifuatilia hawa tai miaka mingi kwenye milima ya Matobo, Zimbabwe, na kwenye kiota kimoja alihesabu kifaranga mkubwa akimdonoa mdogo wake mara 1,569 ndani ya siku 3. Mdogo alikufa. Mama alikuwepo na nyama ilikuwepo. Hao ndio utawaona kwenye kamera ya Roodekrans, pale kwenye bustani ya mimea ya Walter Sisulu pembeni ya Johannesburg, na mimi ushauri wangu kwa mtu mwenye moyo mwepesi ni kwamba usianze na kiota hiki, au kama unakipenda kianze mkubwa akishapita mwezi mmoja, kipindi hicho kibaya kimeshapita na unachokiona ni malezi ya ajabu kabisa ya kifaranga mmoja, akifikisha mwezi wake wa tatu akianza kupiga mabawa pale ukingoni utakaa hapo hapo usahau na ugali jikoni.

Swali linalofuata lazima liwe hili, sasa kama wa pili atauawa kila mara, kwa nini mama anajisumbua kutaga yai la pili? Wataalamu wanaliita yai la akiba na mimi nadhani ndio maelezo yanayoingia akilini zaidi. Yai moja linaweza kuwa halina mbegu, linaweza kupasuka, linaweza kupigwa na baridi, kifaranga anaweza kufa akiwa anatoka. Tai mkubwa analea mara moja tu kwa mwaka, wengine kama yule tai wa msituni anayekamata tumbili huku kwetu Gombe analea mara moja kwa karibu miaka miwili kwa sababu mtoto wake anachelewa sana kujitegemea. Kupoteza msimu mzima kwa sababu ya yai moja bovu ni hasara kubwa, wakati gharama ya kutaga yai la pili, ambalo mara nyingi ni dogo kuliko la kwanza, ni ndogo. La kwanza likifeli la pili linachukua nafasi. La kwanza likifaulu la pili kazi yake imeisha. Inauma kuisema hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Ukitaka kuona kwamba hiyo akiba si hadithi angalia Big Bear. Pale juu ya msonobari mrefu, mita 40 na ushee kutoka chini, kuna jike na dume maarufu kuliko tai wote duniani, Jackie ndiye mama na Shadow ndiye baba. Mwaka 2024 walitaga mayai 3. Mwezi wa pili theluji ikapiga na Jackie akakaa juu ya mayai karibu masaa 62 mfululizo bila kunyanyuka, theluji inamfunika mgongoni kinabaki kichwa tu. Hakuna hata moja lililototoa. Matatu yote. Waliendelea kuyakalia mpaka mwezi wa nne, muda umeshapita kabisa, na watu dunia nzima walikuwa wanaangalia wakijua ambacho ndege hawajui. Mwaka uliofuata, 2025, wakataga tena 3, na mwezi wa tatu yote matatu yakatotoa. Siku chache baadaye ikaja dhoruba ya theluji na mmoja akafa, wawili waliobaki wakapewa majina Sunny na Gizmo na mwezi wa sita wakaruka wote wawili. Yaani ndani ya miaka miwili mfululizo kiota kimoja kimekuonyesha kwa nini ndege hawezi kuweka matumaini yake yote kwenye yai moja.

Na mle mle kuna kitu kingine kizuri cha kuangalia. Mayai yale ya 2025 yalipishana siku 3 kutagwa lakini mawili ya kwanza yalitotoa yakipishana chini ya siku moja. Maana yake Jackie hakulikalia la kwanza kwa joto lote toka mwanzo, alikuwa analifunika tu lisigande, akaja kukaza baadaye. Ndio maana nasema anayefuatilia kiota aanze kwenye mayai asisubiri vifaranga. Andika mahali siku ya yai la kwanza, siku ya la pili, angalia mama kakaa kajituliza amejizika kabisa au kasimama simama, na utaweza kubashiri mwenyewe hali itakuwaje wiki tano mbele.

Mama je, kwa nini haingilii? Kwa sababu kile unachokiita kuingilia hakimo kabisa kwenye kazi yake. Angalia mlo kwa makini, ukiweza vuta picha. Mama anamkanyaga samaki, anachana kipande chembamba kama uzi, anainamisha kichwa pembeni mpaka mdomo ule mkubwa unakuwa usawa na mdomo wa kifaranga, na anasubiri. Hasukumi. Anayenyoosha shingo ndiye anayechukua, akidondosha anaokota anajaribu tena, akikataa anakula yeye. Anachojibu ni mdomo uliofunguka mbele yake. Kifaranga aliyelala kifudifudi kwa kuogopa kudonolewa kwa mama ni kifaranga asiye na njaa. Hamchukii wala hana upendeleo. Na huyo huyo mama muone anavyotembea kiotani, kucha zake amezikunja ndani kama ngumi, anatembelea vifundo, asije akamchoma kifaranga au kutoboa yai. Mimi kila nikisikia mtu anasema tai hana huruma namwambia aangalie ile miguu.

Kuna mambo mengine madogo madogo yanawatia watu presha bure, acha niyapitie haraka. Kifaranga wa siku moja asipokula si tatizo, ametoka na kiini cha yai tumboni mwake kinamtosha siku ya kwanza hiyo. Kutotoka kunachukua muda, tangu kitundu cha kwanza mpaka atoke kwa tai inaweza kufika siku mbili, anachimba na kijipembe kigumu kilicho kwenye ncha ya mdomo na anapumzika sana katikati, kwa hiyo ukiona yai lina tundu na halitikisiki usianze kulia. Mama akinyanyuka dakika kumi mayai hayafi. Yule mkubwa kiotani ndio mke, kwa ndege hawa wawindaji jike anamzidi dume mwili, kwa hiyo ukiona "baba mkubwa anamfukuza mama" mara nyingi umewageuza. Na akitapika kibonge kikavu cha manyoya na vifupa haumwi, ndio kawaida yake, vitu visivyosagika vinarudi vilikotoka.

Sasa hili la kwa nini watu hawaendi kumtoa yule mdogo. Liko gumu kidogo na sitaki kulirahisisha.

Kwanza kuna sheria. Marekani tangu mwaka 1940 kuna sheria ya kumlinda tai wa kichwa cheupe, na kugusa kiota, yai au kifaranga bila kibali ni kosa. Pili kuna hatari ya moja kwa moja, mtu akipanda wazazi wanakimbia, mayai yanapoa, na vifaranga wakiwa wakubwa wakubwa wanaruka kwa woga kabla mabawa hayajakomaa wanadondoka chini. Tatu, na hapa ndipo waendesha kamera wengi wameweka mstari wao, wanatofautisha madhara ya asili na madhara ya binadamu. Kifaranga amefungwa na nyuzi za nailoni za kuvulia, hilo limeletwa na mtu, wakipata kibali wanapanda. Kifaranga anapigwa na kaka yake, au theluji, au bundi amekuja usiku, hawapandi. Mwezi wa nne 2023 kiota cha kamera ya Minnesota chenye uzito wa zaidi ya kilo 900, kimejengwa zaidi ya miaka 20 kwa kuongezwa vijiti kila mwaka, kilivunja tawi na kudondoka na kifaranga akafa. Laivu. Hakuna ambaye angeweza kufanya kitu na hakuna wa kumlaumu.

Lakini wapo walioamua kuingilia na kuna cha kujifunza kwao. Ulaya mashariki kuna tai mdogo mwenye madoa, tumwite tai madoa, kamera zake ziko Estonia na Latvia. Huyu naye mayai mawili, mkubwa anamuua mdogo siku za mwanzo, karibu kila kiota. Kule Slovakia na Ujerumani ambako wamepungua sana wataalamu wakajiuliza, huyu wa pili si anakufa tu bure, mbona tusimchukue mapema, tumlee pembeni, tumrudishe kiotani kaka yake akishapoa hasira? Wakafanya na inafanya kazi, maana ule ukali ni wa wiki chache tu, baadaye wanaweza kukaa pamoja. Ujerumani wakaenda mbali zaidi, wakachukua vifaranga wa pili kutoka Latvia kuongezea wa kwao, na mwaka 2009 wakawafunga vifaa vya satelaiti waone wanaelekea wapi kipupwe kikija. Wazaliwa wa pale wengi walienda kusini mashariki wakapita Bosporus pale Istanbul, njia ambayo tai wa kwao wote wanapita, maana ndege hawa hawawezi kuvuka bahari pana, wanategemea hewa moto inayopanda kutoka nchi kavu. Wale wa Latvia wengi walinyoosha kusini tu wakaenda kukutana na bahari ya Mediterania na kuna waliopotelea humo. Inaonekana kinda wa kule anaijifunza njia kwa kufuata wakubwa, na hawa waliachiliwa kwa kuchelewa kidogo wakubwa wameshaanza kuondoka. Kumuokoa kifaranga kiotani kumbe ni mwanzo tu wa kazi, kuna mambo ya mbele huko ambayo hukuyafikiria. Mimi sisemi walikosea kujaribu, kwa ndege anayepungua ningejaribu na mimi, ila anayesema "si wapande tu wamtoe" ajue kuna hilo.

Na tai madoa ndiye wa kwetu zaidi kuliko unavyodhani. Wakishavuka Istanbul wanashuka Mashariki ya Kati, wanaingia Misri, wanafuata Bonde la Ufa, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja wanapita Tanzania wakielekea Zambia na Zimbabwe. Ndio muda mvua zinaanza miombo ya Tabora na kumbikumbi wanatoka ardhini. Tai mwenye mabawa ya zaidi ya mita moja na nusu anatua chini anatembea anaokota kumbikumbi mmoja mmoja. Watu wa Sikonge na Urambo wanaookota kumbikumbi alfajiri wakiona ndege wakubwa wa kahawia wanatembea kwenye nyasi fupi baada ya mvua ya kwanza wasiwapite tu, inawezekana kabisa kuna aliyekuwa kiota cha Latvia mwezi wa saba.

Kuhusu muda na bando, maana haya ndio maswali ya kwetu. Estonia na Latvia wakati wao wa kiangazi saa zao ni sawa na zetu kabisa, ila jua lao la mwezi wa sita linachelewa kuzama, kwa hiyo saa nne usiku ukiwa umeshakula umetulia kiota bado kina mwanga unaona mama analisha. Johannesburg wako nyuma yetu saa moja. California wako nyuma masaa 10 au 11, kwa hiyo alfajiri ya Jackie ni jioni yetu ya saa kumi na nusu hivi, na alfajiri ndio muda mzuri maana samaki wa kwanza analetwa. Melbourne wao wametutangulia, kunakucha kwao sisi tunaenda kulala. Kwenye bando, usiache YouTube ijichagulie ubora yenyewe, picha ya 1080p inakula zaidi ya GB 1 kwa saa, shusha mpaka 144p au 240p, kifaranga na mama utawatofautisha vizuri tu, na ukitaka kuona kitu kwa karibu ndio unapandisha dakika mbili. Pia unaweza kurudisha nyuma, laivu nyingi zinakuruhusu kurudi masaa kadhaa, ndio njia ya kuuona mlo wote badala ya kipande.

Na misimu. Tai wa kichwa cheupe wa California wanataga kuanzia mwezi wa kwanza, wa Iowa mwezi wa pili mwishoni. Tai madoa wanafika Ulaya mwezi wa nne. Tai mweusi wa Roodekrans anataga kwenye mwezi wa tano hivi na mtoto anaruka baada ya miezi mitatu na kitu toka atotoke. Kozi wa Melbourne mwezi wa nane. Yaani ukijipanga karibu hakuna mwezi utakosa kiota.

Wa huku kwetu unamuona bila bando. Furukombe yuko ufukweni mwote mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi mpaka Katonga na kushuka huko kusini, na kwenye mabwawa ya Malagarasi ndio kwao hasa, eneo ambalo mwaka 2000 liliandikishwa kuwa la kwanza Tanzania kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Ile sauti anayopiga asubuhi kichwa kimetupwa nyuma mara nyingi ni wawili, mke na mume wanajibizana, ya mume ni nyembamba zaidi. Kiota chake kiko kwenye mti mkubwa karibu na maji, rundo la vijiti linaweza kufika karibu mita mbili upana na anakirudia mwaka hadi mwaka, mara nyingi kiangazi. Yai analikalia kama siku 42 mpaka 45, mtoto anaruka akiwa na siku 70 na kitu. Kwa hiyo ukiona mwaka huu mmoja amekaa kwenye kiota hatoki na mwenzie anamletea mgebuka, hesabu. Ana mayai. Kaa mbali ambapo hajageuza kichwa kukuangalia, tumia darubini kama ipo au zuum ya simu, usimrushie kitu wala usikae chini ya mti muda mrefu, akianza kupiga kelele na kuzunguka juu yako umeshasogea sana na mayai yako wazi, rudi nyuma. Na vijana wenye manati muwaambie, ndege anayelea mtoto mmoja au wawili kwa mwaka akipigwa mmoja wa wazazi kiota chote kimekwisha, kwa sababu mmoja hawezi kukalia mayai na kuvua kwa wakati mmoja.

Ukiwa Gombe au kwenye mashamba ya michikichi angalia na yule tai mweupe mwenye mabawa meusi na uso wenye wekundu, anakula chikichi. Tai mzima anakula tunda. Huyo kiota chake bado sijakiona kwenye kamera yoyote na ndiye ninayemtamani kuliko wote.